Kusoma Historia Chuoni: Je, Ni Hatari kwa Imani?

Katika sharika zetu lipo neno linalosemwa kwa sauti ya chini baada ya ibada, hasa majira ambayo vijana wetu wanapata nafasi za kwenda chuo kikuu. Mzazi wa kijana anayekwenda kusomea uhasibu au uuguzi hupongezwa tu. Mzazi wa kijana anayekwenda kusoma historia hupongezwa, kisha huonywa: huko chuoni watamwambia kwamba wamisionari walikuwa mawakala wa wakoloni, kwamba Biblia ilitangulia na bunduki ikafuata, naye atarudi nyumbani hataki hata kuimba kwaya. Aghalabu anayeonya huwa na mfano wa kijana fulani aliyepatwa na hayo.

Onyo hilo tusilidharau, maana linatoka kwa watu wanaoipenda imani na wanaowapenda watoto wao. Lakini hata onyo hupimwa. Katika insha hii tunapima aina mbili za maandishi: kile anachokisoma mwanafunzi wa historia kuhusu wamisionari, na kile ambacho kanisa linakiandika katika vitabu vyake vya jubilei. Tukivisoma kwa pamoja, tutaona kwamba hatari haipo mahali tunapoidhania.

Kitabu cha Rodney na ukweli wake

Kati ya vitabu vinavyotajwa sana katika masomo ya historia ya Afrika, kimoja ni How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney. Rodney alizaliwa Guyana, akapata shahada ya udaktari London mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 24, kisha akaja kufundisha Dar es Salaam. Aliondoka, akarudi mwaka 1969, na akakaa hadi 1974. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972, London na papa hapa kwetu, kwa mkono wa Tanzania Publishing House. Mwaka 1980 Rodney aliuawa kwa bomu huko Georgetown.

Hoja yake kuu ni kwamba umaskini wa Afrika si laana wala uvivu. Ulitokana na uhusiano wa karne nyingi, kwanza biashara ya watumwa na baadaye ukoloni, ambamo nguvu za watu na mali vilitoka Afrika vikaijenga Ulaya. Kuhusu wamisionari, Rodney ni mfupi na mkali: anawahesabu pamoja na wapelelezi na wafanyabiashara kuwa sehemu ya nguvu ya ukoloni, wawe walilijua jambo hilo au hawakulijua.

Je, ni uongo? Tusijibu haraka, maana sehemu ya ushahidi iko Kilimanjaro, kwenye historia ya Walutheri wenyewe. Wamisionari Waanglikana wa CMS kutoka Uingereza walikuwa wamefungua kituo Moshi mwaka 1885. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Mangi Meli na Wajerumani, na maofisa wa Kijerumani wakawashuku Waingereza wale. CMS wakaondoka. Mwaka 1893 wakafika Machame wamisionari wa Leipzig, Wajerumani. Kristo aliyehubiriwa alikuwa yuleyule, lakini aliyeamua ni misheni gani ingehubiri mlimani alikuwa mwenye bendera. Mlutheri anayesherehekea mwaka 1893 anasherehekea tarehe ambayo siasa ya wakoloni ilikuwa na mkono ndani yake. Kulisema jambo hili si kuitukana Injili. Ni kueleza njia ambayo Injili ilipitia kufika.

Kwa hiyo kijana akirudi likizo akasema kwamba misheni na dola vilitembea njia moja, asikaripiwe. Amesema jambo lenye ushahidi.

Mahali Rodney anapopungukiwa

Hata hivyo, kitabu kinachosifiwa nacho kina haki ya kukosolewa. Udhaifu wa Rodney katika jambo hili ni kwamba anamtazama mmisionari kama gurudumu katika mtambo mkubwa, na akishaonyesha mtambo ulivyozunguka, haulizi sana juu ya mtu aliyekuwa akisikiliza mahubiri. Mchaga aliyekaa chini ya mti akasikiliza, akaenda nyumbani akafikiri, akarudi wiki iliyofuata na swali, karibu haonekani. Akionekana, ni kama mtu aliyetendewa tu.

Lakini tazama yaliyotokea baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Leipzig Kilimanjaro, nao hawakuanza kurejea mpaka katikati ya miaka ya 1920. Kama imani ile ingekuwa chombo cha Wajerumani na si zaidi, ingeondoka na mizigo yao. Haikuondoka. Walimu Waafrika na wazee wa sharika waliendelea kufundisha, kuongoza ibada na kulinda mali ya kanisa. Kwa hoja ya mawakala peke yake, miaka hiyo haielezeki.

Tazama pia Meru. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, wakaandika malalamiko, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Yalitokea hayo katika nchi ambayo shule zake za kwanza zilikuwa za misheni. Kalamu iliyoletwa kufundisha katekisimo ikaandika mashtaka dhidi ya dola.

Kwa haki, Rodney mwenyewe hakulikosa wazo hili kabisa. Katika sura yake juu ya elimu anaeleza jinsi elimu ya kikoloni ilivyozaa watu waliokuja kuuangusha ukoloni. Tatizo ni kwamba wengi hawafiki huko. Wanachokibeba ni maneno machache yaliyokwisha kukatwa katika madaftari ya sekondari: mawakala wa ukoloni ni wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara, eleza kwa hoja tano. Kijana anayerudi na hoja hizo tano kifua mbele hajaharibiwa na historia. Ameshiba muhtasari, na historia yenyewe bado hajaionja.

Vitabu vyetu vya jubilei

Sasa tugeuke upande wa pili. Usharika unapotimiza miaka 50, 75 au 100, kamati huundwa na kitabu huandikwa. Msomaji anakijua kitabu hicho bila kukifungua: picha ya askofu, salamu, kurasa chache juu ya wamisionari wa kwanza, orodha ya wachungaji na wazee, mwaka jengo lilipoezekwa, mwaka kengele iliponunuliwa, matarajio ya baadaye, na shukrani. Vitabu hivi vina thamani. Majina yaliyomo hayapatikani penginepo, na mtafiti yeyote atawashukuru walioyaandika. Lakini aghalabu vina ugonjwa mmoja: vinasimulia mbegu na mavuno, na vinaruka magugu.

Mfano ulio bora ni Akeri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Meru kufungua kituo, nao wakauawa usiku na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha. Pamoja nao walikufa Wachaga waliofuatana nao. Akeri pamekuwa mahali pa kumbukumbu, na ni haki yake. Watu wale walikuja bila nia ya kuua, wakauawa. Damu yao ni ya kuheshimiwa.

Lakini msimulizi wa kanisani akimaliza usiku ule, mara nyingi huruka moja kwa moja hadi 1902, kituo kilipoanzishwa Nkoaranga, na 1904, kilipoanzishwa Ilboru. Katikati kuna miaka sita. Ndani ya miaka hiyo kuna nini?

Kuna Kapteni Johannes, ofisa wa Kijerumani, ambaye yeye na askari wake walikuwa katika eneo lilelile wakati wamisionari walipofika. Mpiganaji wa Kimeru aliyeona Wazungu wenye mahema na Wazungu wenye bunduki kwa wakati mmoja angewatofautishaje? Kuna safari za kulipiza kisasi alizoziongoza Johannes, akiwa na askari na wapiganaji wa Kichaga: watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikakatwa. Kuna boma la Arusha lililojengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Kuna mwaka 1900, ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Hao waliojenga Nkoaranga na Ilboru hawakufika katika shamba tupu. Walifika kwa watu waliokuwa wamekwisha kuvunjwa.

Na kuna swali jingine dogo linalouma. Majina ya Ovir na Segebrock yanajulikana. Wale Wachaga waliokufa nao usiku uleule, kwa ajili ya safari ileile, ni wangapi kati yetu wanaoweza kuwataja kwa majina? Kama ni mashahidi, basi wote ni mashahidi.

Kimya ndicho kinachoua

Hapa ndipo tunapolisema neno letu hasa. Kijana aliyelelewa na kitabu cha jubilei, akafika chuoni, akasoma kwa mara ya kwanza juu ya migomba ya Meru, hashtuki kwa sababu Wajerumani walikuwa wakali. Hilo alilijua tangu shule ya msingi. Anashtuka kwa sababu kanisa lililomfundisha kusema kweli lilikuwa na miaka sita ambayo halikumwambia. Naye haulizi tena juu ya Akeri peke yake. Anauliza: kama haya hayakusemwa, ni yapi mengine ambayo hayakusemwa? Swali hilo likishaanza kutembea, halikomei Meru. Huenda mpaka kaburini kwa Bwana, asubuhi ya Pasaka.

Mhadhiri hakulipanda swali hilo. Lilipandwa na kimya chetu, na mhadhiri alilimwagilia maji tu.

Amri ya nane, ambayo kila mtoto wa kipaimara huijifunza pamoja na maelezo yake, inakataza ushuhuda wa uongo. Tumezoea kuitumia juu ya umbea na kesi za mahakamani. Lakini inawahusu pia waliokufa. Anayesema kwamba wamisionari wote walikuwa wapelelezi wa dola anawashuhudia uongo watu waliozikwa katika nchi ya ugeni. Anayesimulia Akeri bila kisasi kilichofuata anawashuhudia uongo Wameru, maana anawaacha katika kumbukumbu kama wauaji tu, bila kusema walivyouawa. Amri ni moja, nayo inawabana wote wawili.

Darasa la historia linafundisha nini

Tukiingia katika darasa lenyewe la historia, hatukuti mahubiri ya kuikana imani. Tunakuta maswali. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza juu ya kila andiko: liliandikwa na nani, lini, kwa ajili ya nani, na nani hakuulizwa? Jarida la misheni kuhusu Akeri liliandikwa ili lisomwe na Wakristo wa Ujerumani waliokuwa wakituma sadaka zao. Ripoti ya ofisa iliandikwa ili wakuu wake waone kwamba alitenda sawasawa. Simulizi ya mzee wa Kimeru ilihifadhiwa ili wajukuu wajue jinsi ukoo ulivyonusurika. Hakuna kati ya hao aliye lazima mwongo, na hakuna aliyesema yote.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kama chuo kishiriki mwaka 1961, kilipata sifa duniani kwa sababu ya kazi ya namna hii. Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya wazee wa Upare, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya walikuwa bado wanaamini kwamba watu wasio na maandishi hawana historia. Mwaka huohuo yeye na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania. Mwaka 1968 wanafunzi wa idara hiyo walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji, wakati ambapo waliokuwa hai wakati wa vita ile bado walikuwapo. Fikiri: kijana wa chuo, amekaa kwenye kigoda, mbele ya bibi wa miaka themanini, akiandika kila neno. Huko ndiko kuwaheshimu wazee. Kuna sharika ngapi zilizofanya hivyo kwa wazee wao?

Maswali hayo si mageni kwa mtu wa Biblia. Luka anaanza Injili yake kwa kueleza kwamba alichunguza mambo yote kwa bidii tangu mwanzo, kutoka kwa walioyaona. Waandishi wa vitabu vya Samweli na Wafalme hawakumficha Daudi. Walimwandika pamoja na mke wa Uria, na pamoja na Nathani aliyemshtaki uso kwa uso. Mathayo, katika ukoo wa Bwana wetu, akarudia kumtaja Uria, kana kwamba hataki tusahau. Injili zote nne zinasimulia Petro alivyomkana Bwana, ingawa Petro alikuwa nguzo ya kanisa. Kama kamati ya jubilei ingeandika Injili, tunahofia jogoo asingewika.

Mambo ambayo historia haiwezi

Hatusemi kwamba darasa la historia linatosha. Mwanahistoria anaweza kufungua kitabu cha ubatizo, akahesabu waliobatizwa Nkoaranga mwaka fulani, akaeleza kwamba baadhi walitafuta shule, wengine dawa, wengine ulinzi dhidi ya kodi na kazi za boma. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Lakini hawezi kutuambia kilichotokea moyoni mwa mama aliyefiwa katika vita vya Johannes, kisha akaenda kusikiliza neno la watu waliofanana naye kwa rangi na lugha, akasikia humo habari za Mungu aliyesulubiwa na askari. Chuo kina vipimo vyake, na hicho hakipimiki kwa vipimo hivyo. Mwalimu mwaminifu wa historia atakubali hivyo.

Na kanisa nalo lisitumie mapenzi ya Mungu kama kitambaa cha kufunikia. Kuna msemo unaosikika kwamba adhabu ile ya Meru ilifungua mlango wa Injili, kwa hiyo Mungu ndiye aliyeipanga. Tuwe waangalifu hapo. Yusufu alipowasamehe ndugu zake aliyaona makusudi ya Mungu ndani ya mateso yake, lakini hakuacha kuliita tendo lao baya. Neema ya Mungu inaweza kumea mahali palipochomwa moto, na moto hauwi mwema kwa sababu hiyo.

Tufanye nini

Basi mwanausharika na afanye nini? Kwanza, kijana anayekwenda kusoma historia aombewe na kutumwa kama tunavyowatuma wengine, wala asiagwe kana kwamba anakwenda vitani. Akirudi likizo, aulizwe: umesoma nini? Na akieleza, asikatizwe. Kijana anayesikilizwa nyumbani hahitaji kuondoka ndipo aseme.

Pili, kijana naye asikilize. Kama chuo kimemfundisha kumuuliza mmisionari maswali, na amuulize Rodney maswali hayohayo: aliandika lini, kwa ajili ya nani, nani hakuulizwa? Anayekosoa upande mmoja tu bado hajahitimu.

Tatu, kamati za jubilei ziwape vijana hao kazi. Wapewe vitabu vya ubatizo na mihtasari ya vikao ambayo mingi inaliwa na mchwa katika makabati ya ofisi za sharika. Watumwe kwa wazee na simu zao wakarekodi. Watafute majina ya walimu wa kwanza Waafrika, wapagazi, wapishi, wanawake waliochota maji ya kufyatulia matofali. Na kitabu kikifika kwenye kurasa chungu, kamati isiombe zipunguzwe.

Nne, tukisimama Akeri, tuombe kwa ajili ya wote waliokufa Meru tangu usiku ule: wawili waliotoka mbali, wenzao Wachaga, na Wameru na Waarusha ambao hawakujengewa kaburi la kutembelewa. Kumbukumbu ya namna hiyo haitalidhoofisha kanisa. Mtoto aliyesimamishwa hapo na kuambiwa yote ataweza kwenda katika chuo chochote, akafungua kitabu chochote, asikute humo jambo la kumfanya aone kwamba nyumbani alidanganywa.